Garo Asikuone

Wifi yangu Mediha alinivua koti saa mbili asubuhi, katikati ya maegesho ya uwanja wa mpira wa Travnik, siku ya mashindano ya mbwa. Watu walikuwa wanapita na mbwa wao, wananitazama nimeinua mikono kama mtoto anayevishwa sare ya shule.

"Koti hili linanuka kondoo," akasema. "Garo atalinusa toka ng'ambo ya uwanja. Vaa langu."

"Kondoo niliwauza mwaka juzi, Mediha."

"Wao waliondoka, harufu ikabaki."

Akanivika koti lake la rangi ya waridi, la mtu mwembamba, halikufunga kifuani. Kisha akatoa kichupa cha manukato akanipulizia shingoni, kwapani, hata kwenye kilemba, vile watu wanavyopuliza dawa ya mende. Nikapiga chafya mara tatu.

"Sasa nenda nyuma ya vyumba vya wachezaji ukae huko. Usichungulie. Usikohoe. Garo asikuone. Umesikia, wifi? Akikuona tumekwisha."

"Nimesikia. Mimi ni mjane, si kiziwi."

Nikaenda. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, nimezaliwa mlima Vlašić, nimefukuza mbwa mwitu kwa sufuria na mwiko, naambiwa nikajifiche mbwa niliyemlea mwenyewe asinione. Nikaenda, kwa sababu gari la kunirudisha nyumbani lilikuwa la kaka yangu.

Garo alizaliwa nyuma ya jiko langu. Mama yake, Murga, alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa, na watoto wake sita wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Akabaki yeye, kidude kizito cheupe chenye mabaka meusi. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa ya mtoto, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wiki tatu nzima. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema mwana wa nani. Mume wangu Hamdija alikuwa ameshafariki, kondoo nimeuza, watoto Mungu hakunijalia. Kwa hiyo sioni aibu kusema: mbwa yule alikuwa ndiye mtu wangu.

Karatasi ndiyo ilikuwa jambo jingine. Mbwa wetu wa mlimani, tunaowaita tornjak, siku hizi wana vyeti vya ukoo vingi kuliko mabwana zao, na cheti hakitoki ila kwa mwanachama wa chama cha wafugaji. Rasim, kaka yangu mdogo, mumewe Mediha, alikuwa mwanachama. Anakaa mjini kwenye ghorofa ya nne, lakini mwanachama. Akasema, "Dada, nitamwandikisha kwa jina langu, tusisumbuke." Nikamwambia andikisha. Nilikuwa na unga mikononi siku hiyo, sikuinua hata kichwa. Ndivyo tulivyo watu wa mlimani: mbwa ni wa yule anayemlisha, karatasi ni ya kuwashia jiko. Nimeshagundua kwamba huko kwingine kote duniani ni kinyume.

Sasa, Garo alikuwa na ugonjwa mmoja: dunia yote ilimpendeza. Anaanza kumkimbiza kunguru, katikati ya safari anaona ndoo, anamsahau kunguru. Anaingiza kichwa kwenye ndoo, anasikia mlango, anasahau ndoo, wakati ndoo bado iko kichwani. Chakula chake kilipoa kila siku kwa sababu ya vipepeo. Kitu kimoja tu hakikumchosha. Jioni, nikirudi kutoka kupeleka jibini chini barabarani, nilikuwa namwona toka mbali amesimama langoni. Hasogei hata hatua moja. Ananingoja. Nikifika karibu ndipo anapokuja kuniangusha.

Mwezi wa tatu Rasim alimpeleka kwenye mashindano ya Zenica, nami nikaenda kumshikia maji. Ilikuwa balaa. Kwanza Garo aliona mfuko wa plastiki unapeperuka akaufuatilia kwa macho mpaka ukapotea juu ya mapaa. Kisha akanusa viatu vya jaji. Kisha akaukalia mkia wa mbwa wa pembeni yake. Halafu akaniona mimi, hatua tatu tu kutoka kwenye kamba, na hapo akamburuta Rasim kwa tumbo juu ya majani mabichi, akaniwekea miguu mabegani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Jaji akaandika: umbo zuri, hana utulivu, mkia chini. Na mkia kwa tornjak ndio kila kitu. Mbwa akiwa macho, mkia lazima uwe juu ya mgongo kama bendera. Mchungaji huuona mkia kwenye majani marefu kabla hajamwona mbwa.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye daraja, Rasim akanigeukia.

"Dada, tatizo si mbwa," akasema. "Tatizo ni wewe."

Akamchukua Garo akakae naye mjini miezi miwili amfundishe. Nami nikakatazwa kwenda kumwona. Miezi miwili! Nilikuwa napika uji wa mahindi wa watu wawili kwa mazoea, nusu namwaga.

Kisha akatokea huyo Klemen, Mslovenia mwenye shamba kubwa la mbwa, anatafuta dume kijana wa kupandisha. Lakini hakutaka dume hivi hivi, alitaka mshindi. Rasim akanipigia simu, akanieleza bila kuzungukazunguka, hilo namsifia.

"Akiwa wa kwanza Travnik, anaondoka na Klemen siku hiyo hiyo. Jina langu litajulikana mpaka Austria, dada. Asipokuwa wa kwanza, Klemen hamtaki, na mimi simtaki kwenye ghorofa. Nakuletea mlimani, ukae naye mpaka mzeeke wote wawili."

"Neno lako?"

"Neno langu, wallahi."

Rasim ana kasoro nyingi, anakula kwa kelele na anamwogopa mkewe, lakini hajawahi kuvunja neno. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu niliamini kwamba Garo hawezi kushinda hata mashindano ya kulala.

Baada ya hapo ndipo akaanza kunitumia video. Garo anatembea mstari ulionyooka. Garo anaonyesha meno bila kumlamba mtu. Baada ya kila video nilijuta kusema sawa.

Basi, nyuma ya vyumba vya wachezaji nikakuta watu watano. Wamekaa juu ya makreti ya bia yaliyopinduliwa, kimya, wamevaa nguo zisizowatosha. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye koti la mvua la kiume lililofika visigino. Vijana wawili, mke na mume, walikuwa wananuniana. Binti mmoja alikuwa amejifunika kofia mpaka puani. Na mzee mmoja mwenye masharubu meupe, ana chupa ya kahawa na vikombe viwili, alinipisha kwenye kreti lake.

"Karibu kwa wakimbizi," akasema. "Mimi naitwa Stipo. Unamkimbia nani?"

"Garo. Miezi kumi na moja."

"Mimi Bela. Miaka sita. Ameshinda vikombe tisa. Sijaona akichukua hata kimoja, nahadithiwa tu." Akavuta sigara, akaangalia moshi unaelekea wapi. "Upepo mzuri leo. Unatoka kwao unakuja kwetu. Mwaka jana uligeuka ghafla, mbwa wanne wakatuvamia hapa nyuma. Yesu na Maria, ilikuwa kama harusi."

Mama wa koti la mvua akacheka, akajiziba mdomo haraka. Hapo tulikuwa tunanong'ona wote. Kila aliyemlea mbwa kwa mikono yake alikuwa nyuma ya ukuta ule, na kila aliyekuwa na hati alikuwa mbele, amechana nywele.

Stipo akanimiminia kahawa. "Mvumilivu hula mbivu, dada. Kazi yetu ni kutokuwepo. Kuna mke wa mtu hapa mwaka juzi alishindwa kujizuia. Mbwa wao alikuwa anaongoza kabisa. Mama akaita toka nje ya kamba, 'Njoo, mwanangu!' Jaji hakungoja, akamwonyesha mwenye mbwa njia ya kutokea. Kumwita mbwa kutoka nje ni marufuku. Walirudi kwao Livno bila kusemeshana."

"Neno moja tu na anatolewa?"

"Jina tu linatosha."

"Jaji akilisikia."

"Akilisikia, au mtu mwingine akalisikia akasema." Akanigeukia. "Mbona unauliza kama mtu anayeulizia bei ya sumu?"

Nilikunywa kahawa yake chungu, nikamweleza habari ya Murga, na chupa, na Klemen, na neno la Rasim. Alisikiliza hadi sigara ikamchoma kidole.

"Usifanye," akasema mwishowe. "Si kwa sababu ya kaka yako. Kaka yako atapona. Ukishafanya utakuwa unamtazama mbwa wako kila siku, unakumbuka kwamba ulimharibia."

"Nitakuwa namtazama, Mzee Stipo. Hilo ndilo nalitaka. Nimtazame."

Kipaza sauti kikakohoa. "Daraja la vijana, madume. Uwanja namba mbili."

Nikasimama. Stipo akanishika mkono wa koti la waridi. "Dada, kaa. Nakuomba."

"Niachie, hili koti si langu, utalirarua."

Akaniachia.

Nilipita nyuma ya jamaa waliokuwa wanachoma nyama za chevapi, nikajificha kwenye moshi wao, nikazunguka mpaka upande wa goli. Kutoka hapo hadi uwanja namba mbili palikuwa na hatua kama hamsini, na katikati ni majani matupu. Nilikuwa nimeshaamua. Nitatoka kwenye moshi, nitaita "Garo!" mara moja kwa sauti ile ninayoitia watu ng'ambo ya bonde, na mambo yatakwisha. Rasim atanitukana mwezi mzima. Mediha atanitukana maisha. Na jioni ile ile Garo atakuwa nyuma ya jiko langu anaacha chakula kipoe.

Nikachungulia. Walikuwa mbwa wanne. Nikamwona.

Alikuwa amekua. Alikuwa amepata manyoya shingoni, kifua kimepanuka. Na alikuwa anaharibu kila kitu! Video zote zile za Rasim zilikuwa za uongo, au zilikuwa za kweli ghorofani tu. Harufu ya nyama ilikuwa imemtia wazimu, pua ilikuwa hewani, miguu ya nyuma imekwenda kushoto na ya mbele kulia. Mtoto mmoja alikuwa na puto, akalitazama puto. Mbwa wa mbele akajikuna, naye akajikuna. Mkia ulikuwa unaning'inia kama kamba ya kengele. Rasim alikuwa amelowa jasho, anamsukuma makalio yasimame sawa. Jaji, mwanamke mrefu kutoka Zagreb, alimpita bila kusimama, akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi. Alikuwa ameshamgeukia dume la mwisho, dume jeusi zuri lililosimama kama limechongwa.

Moyo wangu ulijaa furaha mpaka nikashika nguzo ya goli. Alikuwa anashindwa mwenyewe, bila msaada wangu. Sikuhitaji kuita, sikuhitaji kumfanyia kaka yangu uhaini. Nilichotakiwa kufanya ni kurudi nyuma ya ukuta, nimalize kahawa ya Stipo, ningoje.

Sikurudi. Nitasema kweli maana hakuna wa kunidai uongo: nilitaka anione. Miezi miwili. Nilijiambia nahakikisha tu mambo, kwamba jaji anaweza kubadili nia, lakini hayo ni maneno ya kujifariji. Nilikuwa na hamu naye. Nikatoka kwenye moshi, nikasimama pale golini, hatua hamsini, nimevaa koti la waridi lisilofunga.

Garo alikuwa anafuatilia puto. Macho yake yakateleza, yakafika golini, yakasimama.

Hakuvuta. Hakubweka. Nilingoja amburute Rasim kama Zenica, nilikaza hata miguu kujiandaa, lakini Zenica nilikuwa hatua tatu, na hapa nilikuwa mbali. Alifanya vile anavyofanya nikiwa mbali. Alisimama kama yuko langoni petu jioni, ananingoja.

Miguu minne ikajipanga yenyewe. Shingo ikapanda, kichwa kikapanda, masikio yakaja mbele. Na mkia ukainuka, taratibu, ukapinda juu ya mgongo, manyoya yakafunguka na upepo. Hakuna puto tena, hakuna nyama, hakuna mbwa mwingine. Rasim mwenyewe aliacha kumsukuma, akabaki ameinama na mikono hewani. Jaji aligeuka kwa sababu watu upande ule walikuwa wamenyamaza. Akarudi. Akavua miwani. Akamzunguka Garo polepole, na Garo hakumtazama, hakujua hata kama yupo.

Hapo ndipo pa kuita. Nilikuwa na pumzi kifuani tayari, na mdomo nimeshaufungua. Jina lenyewe fupi.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando yangu na mkate wake uliojaa nyama na vitunguu. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Mashallah," akasema. "Tazama mnyama yule. Ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Umemlea wewe?"

"Kwa chupa. Nyuma ya jiko."

"Mikono yako ibarikiwe, dada. Mbwa kama huyu sijamwona tangu baba yangu alipokuwa hai."

Na mimi, mjinga niliyezaliwa na wajinga, nikasimama wima zaidi. Nilitaka watu wote wa uwanja ule wamtazame. Nilitaka wale waliocheka Zenica waone. Nilitaka sekunde moja zaidi, na nyingine moja, nimwangalie alivyo mzuri mbele ya watu, kisha ndipo niite. Kisha jaji akanyoosha mkono, akamwonyesha Garo, akainua kidole kimoja juu. Watu wakapiga makofi. Pumzi ile niliyoiweka kwa ajili ya jina lake ilikuwa imeshatoka, nimeitumia kujisifu kwa mtu nisiyemjua.

Nilibaki golini. Mzee alinipa pongezi, akaendelea na mkate wake.

Rasim alinifikia akikimbia, utepe mwekundu umemning'inia mfukoni. Nilidhani atanipiga. Akanikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili.

"Dada! Mchawi wewe! Nilikuona! Nikasema tumekwisha, ananivuta sasa hivi, nikaanza kusoma dua. Kumbe ulijua! Kumbe unasimama mbali! Zenica ulikuwa karibu mno, ndiyo maana. Wenzetu Wajerumani, kwao inaruhusiwa, wanakuwa na watu wao kabisa wa kazi hiyo, wanakimbia nje ya kamba na kofia, na filimbi, na wewe umesimama tu, kimya, bila kuvunja sheria hata moja. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Wifi, kumbe fundi," akasema Mediha, amefika naye anahema. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yangu aliniangalia kwa heshima. "Na sisi tunakuficha. Usinirudishie koti, baki nalo."

Walinionyesha kijitabu cha mashindano. Namba kumi na nne, Garo, dume. Mmiliki Rasim. Mfugaji Rasim. Mediha akaniambia tukisimama vizuri jina letu linaweza kuingia kwenye gazeti la chama, na aliposema "letu" alijigusa kifuani.

Wakampiga Garo picha na kombe. Hakutulia, alikuwa ameshaniona na ameanza kulia kidogo kwa pua, kwa hiyo mpiga picha akaniomba niende nisimame nyuma yake, mbali kidogo, mama, bado, bado kidogo. Nikaenda. Garo akasimama tena kama bendera. "Safi sana," akasema mpiga picha.

Klemen alikuwa mtu mpole, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningependa awe na sura mbaya. Alisema lugha yetu polepole, ile aliyofundishwa jeshini zamani, nchi zetu zilipokuwa moja, akanishika mkono, akaniuliza Garo anapenda kula nini. Nikamwambia chakula kipoe kwanza. Akakiandika kwenye simu. Gari lake lilikuwa na milango ya kuvuta pande zote mbili, na ndani alikuwa ametandika blanketi jipya.

Rasim alimleta Garo mpaka mlangoni. Garo akanusa sakafu ya gari, akanitazama, akalala chini kwenye lami na miguu yake yote minne. Rasim akavuta. Klemen akamwita kwa sauti tamu, akampa kipande cha ini. Garo akala ini, akabaki amelala. Watu wakaanza kukusanyika. Rasim akaona aibu, na mtu akiona aibu mbele ya mteja mikono yake hubadilika. Akatoa mfukoni mnyororo ule wa kukaza shingo, akauzungusha kiganjani.

"Wacha hicho," nikasema.

"Dada, lazima apande."

"Nimesema wacha. Nitampandisha mimi."

Nikainama, nikaingia kwenye gari la Klemen kwa magoti, koti la waridi likapasuka kwapani. Nikakaa juu ya blanketi, nikapiga sakafu kwa kiganja. Garo hakufikiri. Aliruka mara moja, akaniangukia, akaniwekea kichwa mapajani, mkia wake unapiga bati. Nilimshika masikio. Alinuka sabuni ya ghorofani, lakini chini ya sabuni alikuwa ni yeye. Nje nikamsikia Klemen anasema, "Ajabu," na Mediha anajibu kwamba dada yetu ana mkono na wanyama.

Mlango nilioingilia Rasim akaufunga. Ule wa upande wa pili Klemen alikuwa ameuacha wazi kwa ajili yangu, amesimama pembeni kwa adabu, anangoja.

Nilijua sina haja ya kungoja sana. Mtu anayemjua Garo anajua. Karatasi ya mkate ikapeperuka nje ya kioo cha nyuma, ikapanda, ikashuka, na Garo akainua kichwa mapajani mwangu, akageuza masikio, akaitazama kwa mshangao kama vile haijawahi kutokea karatasi duniani. Nikateleza nje kwa mlango wa pili, yeye akabaki ndani. Klemen akaufunga, akanishukuru.